Kilua Asiyeziona Nguo Zake

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, na wa kucheka acheke sasa.

Hapo zamani za kale, kwenye matumbawe, aliishi Kilua, konokono wa baharini asiye na gamba. Mwili wake buluu, pindo njano, na mgongoni ua jekundu la kupumulia. Mwenyewe hakujua. Macho yake yalikuwa vitone viwili, yakitambua mwanga na giza, basi.

Siku moja maji yalipokupwa, Kilua akahisi mwanga palipokuwa na giza. Jiwe alilotagia chini yake lilikuwa limepinduliwa. Utepe wake wa mayai, alioukunja siku nzima, uko juani.

Akamwendea Kaa. "Jirani, mayai yangu yanakauka. Nisaidie kulirudisha jiwe."

"Kila siku unapita kama bibi harusi, leo ndiyo unanijua? Umejipamba mwenyewe, hangaika mwenyewe."

Akamwendea Kauri. "Jirani, mayai yangu yanakauka. Nisaidie."

"Shoga, mimi nimejifunika gamba langu, nimetulia. Wewe mwili wazi, rangi zote hizo, halafu unashangaa kupatwa na balaa? Umejipamba mwenyewe, hangaika mwenyewe."

Akamwendea samaki Pono dimbwini. "Jirani, mayai yangu..."

Pono hakungoja. "Umejipamba mwenyewe, hangaika mwenyewe."

Nami nawauliza, mlioketi hapa: asiyeona rangi hujipamba vipi? Na hata angejipamba, mayai yamekosa nini? Mwambani hakuna aliyeuliza.

Kilua akarudi, akapanda jiwe, akayalalia mayai yake yapate unyevu wa mwili wake, huku mwenyewe anakauka.

Bi Mize, mchokoaji wa pweza mashimoni, akapita na kapu lake. Akaona buluu, akasimama.

"Nani kakuvisha hivi wewe?"

"Sijui, bibi. Sijawahi kuziona. Mayai yangu yanakauka."

Bi Mize akachutama. "Mayai? Mie nilidhani kitambaa. Jiwe hili nimelipindua mie. Nilimwona pweza, nikasahau kulirudisha. Niwie radhi, mwanangu."

Akamshusha Kilua majini kwa kiganja, akalirudisha jiwe kwa mikono miwili, polepole. Giza likarejea juu ya mayai, na ubaridi.

"Bibi," Kilua akasema, "zikoje?"

"Zipi?"

"Hizi nguo ninazosemewa."

Maji yalikuwa yanajaa. Wenzake Bi Mize walikuwa wakimwita kutoka ufukweni. Yeye akaketi papo hapo, kapu mapajani.

"Buluu ni ule ubaridi unaousikia tumboni ukitambaa. Njano ni pale jua linapokugusa asubuhi."

"Na la mgongoni?"

Bi Mize akafikiri kidogo. "Jekundu. Jekundu ni ule mshtuko ulipokuta jiwe limepinduliwa."

Kilua akajinyoosha majini. "Basi ni zangu kweli."

"Zako. Na zimekukaa."

"Niambie tena, bibi."

Akamwambia tena, na tena. Hadithi yangu nawaachia hapo, Bi Mize kalowa mpaka kiunoni, bado anasimulia.