Mchakamchaka wa Kiboko na Nguchiro

Ngano, ngano!
— Ije tuikague!
Imebeba nini?
— Ifungue tuone!
Mkiikuta na uongo?
— Tutaula!

Haya. Nimeitikiwa, ila kuna mmoja ameitikia huku anatafuna, na karanga zangu zilikuwa hapa. Sijasema ni wewe, Mwanakombo. Nimekutazama tu. Weka mikono mbele niione, nami nianze.

Zamani za kale jua liliwaka, likawaka, likawaka. Mito ikakauka. Visima vikakauka. Hata umande ulikuja alfajiri, ukachungulia, ukarudi zake. Maji yakabaki mahali pamoja tu, dimbwi moja chini ya kilima, na ndani ya dimbwi hilo alikaa Kiboko. Hakukaa pembeni. Alikaa katikati, akajitandaza, akafumba jicho moja. La pili aliliacha wazi, la kulinda.

"Maji haya yananitosha mimi," alisema. "Na siku nyingine hayanitoshi."

Sasa huyu Kiboko alikuwa na ugonjwa. Si homa. Ugonjwa wa mbio. Siku moja alimfukuza Swala, Swala akajikwaa kwenye kisiki, Kiboko akampita. Basi! Tangu siku hiyo akawa mkimbiaji. Kila jioni alitoka majini, gudu-gudu-gudu mpaka kichaka cha kwanza, gudu-gudu-gudu akarudi, kisha akamuuliza kila aliyekuwepo, "Mmeniona?" Wakisema wamemwona, anauliza, "Mmenionaje?" Ukikaa naye husikii habari nyingine. Goti lake la kulia limeamkaje. Pumzi yake leo ikoje. Majani gani yanafaa kuliwa kabla ya mbio, na yapi baada ya mbio. Na mbio zikienda vibaya, basi upepo ulitokea mbele. Akienda, upepo ulitokea mbele. Akirudi, ulitokea mbele vilevile. Mimi upepo wa namna hiyo sijauona.

Wanyama walipokuja kuomba maji, Kiboko akasema, "Hapa hatuombi. Hapa tunakimbia, kutoka dimbwini mpaka juu ya kilima na kurudi. Atakayenishinda atakunywa, na wenzake wote watakunywa. Atakayeshindwa asikanyage hapa mpaka mvua."

Swala akacheka moyoni. Akayaona maji tayari yako kooni mwake. Kumbe Kiboko hajamaliza.

"Ila tunakimbia mchakamchaka," akasema.

Mchakamchaka mnaujua. Mnakaa mstari, mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia, miguu inafuata wimbo. Na Kiboko alikuwa na sheria zake. Hakuna kupitana, kwa sababu kumpita mkubwa ni kukosa adabu. Atakayetoka kwenye mstari ameshindwa. Atakayeacha kuitikia ameshindwa. Aliye mbele ni nani? Kiboko. Mwimbishaji ni nani? Kiboko. Hapo ndipo mimi ningerudi nyumbani, lakini Swala alikuwa na kiu.

Wakaondoka. Kiboko mbele anasema neno moja tu, "Nani?" Swala nyuma, katikati ya vumbi, anaitikia, "Kiboko mkubwa wa maji, baba wa mbio, mwenye goti la chuma!"

"Nani?"

"Kiboko mkubwa wa maji, baba wa mbio, mwenye goti la chuma!"

Kabla hawajafika kwenye kichaka, Swala mwenye mbio zake zote alikuwa ulimi nje, anaitikia, "Ki... ki... ki..." Ameshindwa. Akaja Ngiri, akaitikia, akala vumbi, akashindwa. Akaja Pundamilia, akaitikia, akala vumbi, akashindwa. Wakarudi nyumbani wakikohoa, kila mmoja akimshuku mwenzake kwamba amekunywa kwa siri.

Juu ya kichuguu aliketi Nguchiro, mnyama mdogo wa kubebeka kwa mkono mmoja. Watoto wake walikuwa chini ya jiwe, midomo imepasuka, na yule wa mwisho alikuwa analamba jiwe lenyewe akidhani ni maji. Uchungu huo usiombe ukupate. Nguchiro alizitazama mbio zile zote. Wenzake walitazama miguu. Yeye alitazama midomo. Akaona, anayesema neno moja anapata nafasi ya kupumua. Anayesema maneno mengi hapumui. Akashuka, akaenda.

"Shikamoo, mzee Kiboko."

"Marahaba. Umekuja kuiba maji."

"Hapana, mzee. Nimekuja kukimbia."

Kiboko akacheka, hho! hho! hho! mpaka dimbwi likayumba. Halafu akaacha kucheka ghafla. Akafungua na lile jicho alilolifumba. Kadogo namna hii, kanataka kukimbia na mimi? Kana jambo.

"Nimeshakushtukia!" akasema. "Una pacha?"

"Sina, mzee."

"Una ndugu?"

"Ndugu ninao."

"Ahaa! Nyie wadogo nawajua. Mnawapanga ndugu njiani, mmoja anaanzia hapa, mwingine anatokea kule, mnasema ni yuleyule. Korongo! Mtie alama!"

Korongo ndiye aliyekuwa mwamuzi. Alisimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ameuficha, ili asiambiwe ameegemea upande. Akachota tope la dimbwini kwa mdomo wake mrefu, akampaka Nguchiro usoni. Tope lile lilikuwa bichi. Lililodondoka Nguchiro alilidaka kwa ulimi, akalifyonza macho yamefumba. Kiboko akaona hata hilo linatia shaka.

"Mzee," Nguchiro akasema, "nina ombi. Niweke nyuma yako, kama ulivyomweka Swala."

"Nyuma? Unidandie mkia nikubebe mpaka mwisho? Nimeshakushtukia! Utakaa mbele nikuone."

"Mbele! Mzee, mbele naogopa."

"Mbele!"

Nguchiro akajifuta machozi. Mimi machozi yenyewe sikuyaona, ila kujifuta alijifuta.

"Basi, mzee wangu, angalau niitikie mimi, kama walivyoitikia wenzangu. Kuimbisha kazi ya wakubwa, mimi naanzia wapi?"

Kiboko akatoka majini. Akamzunguka. Akamnusa huku, akamnusa kule.

"Kuitikia," akasema polepole. "Watoto wako wajifiche kwenye nyasi wakuitikie, wewe ukate kona. Nimeshakushtukia! Wewe utaimbisha. Mimi ndiye nitakayeitikia. Na nisiposikia sauti yako, umeshindwa!"

"Na wewe nisiposikia yako, mzee?"

"Mimi? Mimi nitanyamaza?" Kiboko akacheka tena. "Korongo, andaa mbio za kesho."

Nguchiro akaondoka kichwa chini. Alipofika nyuma ya kichuguu, kichwa kikainuka.

Huku nyuma Kiboko amani hana. Akawaza, kesho nikikimbia, maji nani atayalinda? Korongo? Korongo ana mdomo mrefu. Kambale? Kambale anakaa humo humo, huyo ndiye wa kwanza kumshuku. Akaona dawa ni moja, ayafiche tumboni. Akanywa, akanywa, akanywa. Akala na majani yake ya kabla ya mbio, halafu kwa usalama akala na yale ya baada ya mbio. Maji yaliyobaki hakuyaweza tena. Akayatazama kwa huzuni mpaka kulipokucha.

Asubuhi wanyama wote wakajipanga njiani. Korongo akanyoosha shingo.

"Mchakamchaka, ondokeni!"

Chiki-chiki-chiki-chiki, Nguchiro mbele. Gudu-gudu-gudu-gudu, Kiboko nyuma. Na tumbo la Kiboko: bwachu! bwachu! bwachu!

"Nani?" Nguchiro akaimbisha.

"Mimi! Kiboko mkubwa wa maji, baba wa mbio, mwenye goti la chuma!"

Lo! Wimbo ulimwingia Kiboko kwenye damu. Siku zote aliusikia kwa watu wanaokohoa, leo anausikia kwa sauti nzuri, sauti yake. Akaona ni mfupi mno, haumtoshi.

"Nani?"

"Mimi! Kiboko mkubwa wa maji, baba wa mbio, mwenye goti la chuma, na kifua kipana, na meno yanayometa, na shingo ya kutosha!"

Wanyama wakapiga makofi. Kiboko akawapungia sikio. Chiki-chiki-chiki. Gudu-gudu-gudu. Bwachu! bwachu!

Wakakipita kichaka cha kwanza. Hapo ndipo mbio zake za kila jioni zilipoishia, na miguu yake ilipajua. Ilitaka kugeuka. Kiboko akailazimisha. Jua likapanda, mgongo ukaanza kumwaka.

"Mzee," Nguchiro akageuza uso, "tupunguze mwendo?"

"Tupunguze? Uende useme nimechoka? Nimeshakushtukia! Ongeza!"

Nguchiro akaongeza. "Nani?"

"Mimi! Kiboko... mkubwa wa maji... baba wa... mbio..."

"Mzee, tuufupishe wimbo? Sema 'mimi' tu, inatosha."

"Tuufupishe? Uende useme... sikuitikia? Nime... shaku... shtukia! Nitaurefusha!"

Akaurefusha. Akawaingiza babu zake. Akaingiza na kwato, moja moja. Goti la chuma likaanza kulia, kwe-kwe, kwe-kwe. Gudu ikawa gu... du... gu... du. Nguchiro alipiga mguu palepale akimsubiri, maana akimwacha mbali atakuwa ametoka kwenye mstari, na yeye hakutaka kutafutiwa sababu.

Pembeni ya njia alikuwa anapita Bibi Kobe, anakwenda zake kumsalimia dada yake. Hana haraka. Hajui habari za mbio. Akamfikia Kiboko. Akawa naye sambamba. Akampita. Kisha akasimama, akageuka kwa huruma.

"Pole, baba. Umefiwa?"

"Na... kimbia!" Kiboko akafoka.

"Aa, unakimbia." Bibi Kobe akamtazama kwato mpaka masikio. "Unaanza lini?"

Njia nzima ikavunjika mbavu. Swala akaanguka tena, safari hii kwa kicheko. Bibi Kobe akaendelea na safari yake, na Kiboko akamkodolea macho ya shaka mpaka alipopotea kwenye majani, kwa sababu dada gani huyo anayesalimiwa siku ya mbio?

"Nani?" Nguchiro akaimbisha.

"Mi... mi... Ki..."

"Nani?"

"Hhooo."

"Nani?"

Kimya. Kiboko alikuwa ameketi katikati ya njia, mdomo wazi, tumbo limemwagika huku na huku. Maji aliyoyaficha yasiibiwe ndiyo yaliyomkalisha.

"Umekaa," Korongo akasema, akitua kando yake kwa mguu mmoja.

"Sijakaa. Najinyoosha."

"Hukuitikia."

"Niliitikia moyoni. Na upepo ulitokea mbele."

Korongo akatazama miti. Hakuna jani lililotikisika. Akaushusha ule mguu wake wa pili, akakanyaga chini kwa yote miwili.

"Aliyeacha kuitikia ameshindwa," akasema. "Sheria ni yako, mzee."

Wanyama wakaliendea dimbwi kwa kishindo. Watoto wa Nguchiro ndio waliotangulia. Yule wa mwisho aliingia mpaka shingoni, akasahau kunywa, akacheka tu. Mama yake akaketi ukingoni akalia, na haya machozi nayaapia, niliyaona. Yalikuwa ya furaha.

"Kunyweni, jamani," akawaambia wenzake. "Kunyweni bila wasiwasi. Maji ni yetu sote."

Swala akainua kichwa, maji yakimdondoka mdomoni.

"Hebu kwanza," akasema. "Huyu aliomba kukaa nyuma. Kumbe alitaka nini?"

"Kukaa mbele," Ngiri akajibu.

"Akaomba kuitikia. Kumbe alitaka nini?"

"Kuimbisha."

"Sasa anatuambia tunywe bila wasiwasi."

Midomo yote ikatoka majini. Kila mmoja akamtazama Nguchiro. Kisha kila mmoja akamtazama jirani yake. Nguchiro akafungua mdomo aape kwamba safari hii anasema kweli, akaona jinsi wanavyomtazama, akaufunga. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akageuza shingo huku na kule aone nani anamfikiria nini.

Mpaka leo mnyama akinywa maji, hunywa funda moja, akainua kichwa. Funda moja, akainua kichwa. Na Nguchiro mpaka leo husimama wima anachungulia. Kiboko naye alirudi majini, akabakiza macho na masikio tu juu. Ukimuuliza kwa nini hakimbii siku hizi, atakuambia ni goti.

Fundisho la ngano hii liko wazi, wala msinigeuzie. Mtilieni shaka kila mtu. Anayewaonea mtilieni shaka, anayewaomba kwa adabu mtilieni shaka mara mbili, na anayewaambia mnywe kwa amani msimpe kisogo. Kiboko alishindwa kwa sababu moja tu: hakushuku vya kutosha.

Ngano nimeitoa mbio, nimeirudisha mbio, pumzi imeiishia.
— Iache ipumzike!
Anayedhani nimedanganya?
— Akaanze yake!