Kwa Nini Mfiwa Hupewa Mtindi Kwanza

Zamani tumbo la mwanadamu lilikuwa bubu. Mwenyezi Mungu alikwisha kulitandikia nyuzi nyembamba kuliko za buibui, zikapanda hadi kichwani, lakini hapakuwa na wa kuzigusa. Watu walikula jua likifika utosini, kwa mazoea tu. Njaa hawakuijua, wala hofu haikuwahi kumkamata mtu tumboni. Naeleza polepole, maana kila mwaka naulizwa jambo hili na kila mwaka hamsikii.

Wakati huo maziwa yalinywewa mabichi; yakilala, yalimwagwa. Katika kaya moja ya wafugaji alikuwapo mkamwana aitwaye Kabula, ambaye kwa kusugua vibuyu hakuwa na mwenzake. Maji ya moto, majivu, tena maji ya moto. Mama mkwe wake, Holo, alichoka kumwambia aache. Viwili vilikwisha kutoboka.

Kisha Lubango, mume wa Holo, akafariki. Holo akaketi. Siku saba chakula kilifika mdomoni kikaishia hapo, maana tumbo halikukiambia kichwa neno lolote. Akakonda, mifupa ikaanza kuhesabika.

"Mama, kula," Kabula alimwambia. "Utatuachia msiba wa pili."

"Nile nipeleke wapi? Humu ndani pamekufa."

Katika pilikapilika za matanga kibuyu kimoja kilisahauliwa nyuma ya nyumba, maziwa yakaganda. Kabula alipokiona aliona aibu, akakibeba upesi. Holo akamwona.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwaga, mama. Yameharibika."

"Mwaga. Ndiyo kazi unayoijua."

Lakini kabla hajapita, Holo alimnyang'anya kibuyu, kwa hasira tu, akanywa hadi nusu.

Ndani ya mgando ule Mungu alikuwa ameweka viumbe wadogo wasioonekana kwa jicho. Waliposhuka walizikuta zile nyuzi, wakaanza kuzigusa, mmoja huku, mwingine kule. Tumbo likanguruma mbele ya waombolezaji wote, hata mzee mmoja akatazama juu kutafuta mawingu. Holo akaomba ugali, akala. Halafu akajishika chini ya kifua, akainama, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Nimekuua, mama," Kabula akasema.

"Hujaniua. Sasa ndiyo nimefiwa. Niongeze."

Kabula akamwongeza ugali, kisha akachukua kibuyu kwenda kukisugua.

"Kioshe," Holo akasema, "halafu urudi kwenu. Hapa kilichoniponya hakisuguliwi."

Na tangu siku hiyo tumbo husema. Njaa hutangulia hapo, na hofu, na habari mbaya pia, kabla mdomo haujajua la kusema. Kibuyu cha mgando huachiwa funda moja la jana, wale wadogo wasikose makao. Na mfiwa hupewa mtindi kabla ya chakula chochote, apate kula, tena apate kulia.

Mimi mwaka huu nilipofiwa mliniletea soda. Mungu awasamehe.