Vibakuli vya Akida Chambuso

Akida Chambuso alipotimiza miaka kumi ya kuwakamua watu kodi, aliamua watu hao hao wamfanyie sherehe. Akamwita Binti Songoro, mfinyanzi ambaye mtungi wake wa mwisho ulikuwa na punda mwenye kilemba na kitambi. Mji mzima ulimtambua yule punda.

"Utanifinyangia vibakuli vya sherehe, bure," alisema Akida. "Uchore simba. Nikikuta punda, nakufukuza mjini."

"Nitachora simba, bwana mkubwa."

Siku ya sherehe alivileta vimejaa uji wa maziwa. Akida akanyanyua chake, akakikagua pande zote, hata kitako. Aliona simba tu. Akanywa mafunda mawili, akakiweka chini.

"Humalizi, bwana mkubwa?"

"Wanaokomba bakuli ni mafukara kama nyinyi. Mkubwa hubakiza."

"Ndivyo ulivyo siku zote," alisema Binti Songoro.

Watu wakanywa mpaka tone la mwisho. Mmoja akacheka, akafuata wa pili, kisha uwanja mzima ukashika mbavu.

"Wanacheka nini?"

"Wamefurahi, bwana mkubwa. Maliza wako, ufurahi nao."

"Nimekwambia mimi sikombi."

Ndani ya kila kibakuli, chini kabisa, uji ulipokwisha alitokea punda mwenye kilemba na kitambi. Hata cha Akida kilikuwa naye, ila wapishi waliokiosha walinyamaza.

Mwaka uliofuata Akida aliagiza vingine, vikubwa zaidi, maana hakuwahi kuona watu wakiupenda utawala wake kiasi kile.