Kwa Nini Mashine Hupiga Hodi Kishewa

Kulikuwa na wakati, wajukuu zangu, ambapo tovuti za huku milimani hazikuwa na mlango. Aliyefika aliingia, awe mtu, awe mashine, akasoma alichotaka, akachukua, akaenda zake. Hakuna aliyeona ubaya, maana wageni walikuwa wachache.

Wakati huo kijijini Kishewa, katika milima ya Upare, aliishi Nakijwa, mwanamke aliyechaguliwa na kamati ya maji kutunza tovuti ya ndiva, lile bwawa dogo linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi. Kwenye tovuti hiyo aliandika zamu: leo maji yaende shamba la nani, na baadaye kwa nani. Alikuwa pia ameweka sauti za wazee, wengine wakieleza mbegu za zamani, wengine wakiomba mvua, ili watoto wa Kishewa waliohamia mijini wasisahau.

Kisha zikaja mashine za kukusanya maneno, zile zinazolisha akili mnemba. Zilisoma zamu za leo, za jana na za miaka iliyopita, zikarudi kusoma tena bila kuchoka. Tovuti ikaelemewa. Asubuhi moja ya kiangazi haikufunguka kabisa. Mama Nietiwe, mjane mwenye shamba la maharage, aliibonyeza simu yake mpaka akakata tamaa, akabaki nyumbani. Kumbe zamu ilikuwa yake. Maji yakapita kwenda kwa jirani, na maharage yaliyokuwa yameanza kutoa maua yakanyauka.

Nakijwa alipokwenda kumwomba radhi alimkuta akiyang'oa.

"Mwanangu," Mama Nietiwe alisema bila kuinua uso, "ni nani hao waliojazana mlangoni hata mimi nisipate pa kupita?"

Swali lile lilimchoma. Alirudi kuwatazama waliokuwa wakiingia, akaona karibu wote ni mashine. Kwa hasira akafunga: mashine yoyote isiingie. Tovuti ikawa nyepesi, zamu zikaonekana, naye akapumua.

Lakini vijana wa mijini wakaanza kupiga simu. Walikitafuta kijiji chao mtandaoni wasikione, kwa kuwa hata mashine za kutafutia, zinazowaonyesha watu njia, Nakijwa alikuwa amezifungia nje. Akaona aibu. Akaipeleka habari kwenye kamati.

Wengine walitaka pabaki pamefungwa vivyo hivyo. Mama Nietiwe, aliyeumia kuliko wote, akakataa. "Maji hatumnyimi mtu," alisema. "Tunamwambia achukue lini, na wapi asiguse. Hao nao waambieni."

Basi Nakijwa akaandika tangazo fupi, akaliweka mlangoni. Mashine za kutafutia zipite. Za kukusanya maneno zisome habari za mbegu, tena polepole, zikipumzika. Kurasa za zamu ziachiwe wakulima. Sauti za kuomba mvua zisiguswe mpaka wazee waombwe.

Mashine nyingi zilisoma, zikatii. Zilizojifanya hazijui kusoma aliziwekea bawabu, programu iliyozitambua kwa pupa yao na kuzirudisha zilikotoka. Kisha siku moja mtu wa kampuni ya mbali akapiga simu, kwa adabu kabisa, kuomba sauti za mvua. Wazee walicheka, wakamkatalia, wakamsimulia habari za mbegu za mtama mpaka simu yake ikaisha chaji. Kiangazi kilichofuata Mama Nietiwe alivuna maharage, akampelekea Nakijwa kikapu.

Na tangu siku hiyo, mashine ikifika Kishewa husimama kwanza mlangoni, ikasoma, ndipo ikaingia. Vijiji jirani navyo vikaiga. Ndiyo maana leo ukiiuliza simu yako habari za mbegu za Kishewa, itakujibu vizuri. Ukiiuliza wazee wetu huombaje mvua, itakuambia haijui. Hilo ukilitaka, panda mlima, bisha hodi, uketi nao.