Fisi Aelekea Kibla

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mbishi yupo?"

"Yupo, amekaa mbele!"

Basi abishe mapema. Mimi shule niliiacha la nne, lakini nijibuni nyie wa la saba: jirani mwema wa Ngiri ni nani? Hamjui. Ni Pimbi Muislamu! Mtu ambaye nyama yako kwake ni haramu, mwache alale hata kitandani kwako.

Kijiji kizima kilikuwa cha Wakristo. Waislamu nyumba tatu tu, zote za kina Pimbi, juu ya jiwe. Lakini siku ya sherehe kisu hupewa Maalimu Pimbi. Akichinja yeye, wote wanakula sufuria moja. Ujira wake ni shingo ya ng'ombe.

Ikafika arusi ya Felista, binti wa Ngiri. Mwenyekiti wa kamati, Fisi. Akiiwaza ile shingo tu, udenda ndo! ndo! ndo!

"Safari hii nachinja mimi," akasema. "Nyumba tatu zitutawalie kisu?"

"Mwenyekiti, sasa kina Maalimu watakula nini?" Ngiri akauliza.

"Watakula harufu!"

Pimbi alikuwa pale, akasikia. Shingo haikumuuma. Kilichomuuma ni wanawe kukaa pembeni kama wapita njia, kwenye arusi ya Felista aliyewalea mgongoni. Lakini akachekelea, meno nje.

"Chinja, mzee wangu. Ila mchinjaji huelekea kibla kwanza."

"Kiko wapi?"

"Kaskazini."

"Kuelekea tu? Kazi ndogo! Ni mbali?"

"Inategemea imani ya mtu."

"Na kisu?"

"Kiache. Ng'ombe haonyeshwi kisu."

Fisi huyoo, akaelekea. Chopi, chopi, chopi! Akakutana na Kobe, mzee wa kanisa.

"Kibla wapi?"

Kobe akameza kicheko. "Mbele, mwenyekiti, mbele!"

Chopi, chopi, chopi! Akakutana na Kanga wa kwaya.

"Kibla wapi?"

"Mbele, mwenyekiti, mbele! Usigeuke!"

Chopi, chopi, mpaka akawa nukta. Huku nyuma, bismillahi, fyu! Ng'ombe chini. Nyama chwaaa kwenye mafuta. Pimbi akakabidhiwa shingo yake, wanawe wakabanana na watoto wa Ngiri, viganja vinagongana sufuriani. Fisi mpaka leo anaelekea.

Hadithi imefika kwao, nasi tushike ya kwetu. Funzo: mwenye nguvu aheshimiwe, maana hujua anakokwenda.

Mbishi, mbona unaniangalia hivyo? Haya, haya! Kuna kipande nimekiruka. Ng'ombe naye alikuwa na masikio. Aliposikia wanagombania nani amchinje, akakata kamba, pwa! Akaelekea kusini. Arusi ya Felista ililiwa maharage, na maharage hayachinjwi.

Lakini sufuria ilikuwa moja. Hiyo sikuongopa.