Kidirisha cha Chupa ya Chai

Wapendwa, tulieni kidogo niwape mfano. Kulikuwa na mama mmoja kijana, mtoto mgongoni anahema kwa shida, kifua kinabonyea, na chumba cha bima pale hospitali wakamwambia mtoto hasomeki kwenye mfumo, aende chumba cha pili, usajili wa vizazi, wakathibitishe. Akaenda. Usajili wakaona jina lipo, wakamwambia arudi bima akawaeleze. Bima wakasema maneno ya mdomo hawapokei. Akarudi usajili, akarudishwa bima, huku mkono uko nyuma unapapasa kama mtoto bado anapumua. Ninyi mngekuwa yeye, mngefanyaje?

Safari hii akaona kitu. Kwenye ukuta wa kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na kidirisha, na dada mmoja wa bima akapitisha mkono, akapokea chupa ya chai na vitumbua kutoka usajili, na vicheko juu. Hofu ikageuka ukaidi. Akaketi sakafuni, kati ya ile milango miwili.

"Dada zangu, mimi sizunguki tena. Hapo panapopita chai, pitisheni na swali langu."

"Mama, utaratibu hauruhusu," akasema wa bima.

"Haya. Mwanangu akikata roho, mtapitishiana nini hapo?"

Kisha wa bima akainama kwenye kidirisha, akauliza kama mtoto yumo. Akajibiwa, yumo. Mtoto akalazwa, akawekewa oksijeni, akapona. Baadaye mafundi wakaziunganisha kompyuta za vyumba vile viwili, hii ikiuliza ile inajibu, tena inajibu kile ilichoulizwa tu, kabati zima la taarifa halifunguliwi, na wagonjwa hawakuzungushwa tena.

Mnapiga makofi? Ngojeni. Yule dada wa bima jioni akafika kwake. Wiki nzima hawasemeshani na mumewe. Akamwita binti yao: "Kamwambie baba yako chakula tayari." Na baba, yuko hapo hapo sebuleni: "Mwambie mama yako nimesikia." Mtoto anakwenda, anarudi.

Sisi tuliopiga makofi, nyumba zetu ngapi ziko hivyo? Mashine zimefundishwa kuulizana, zikaweza, na sisi tuliopewa ndimi tunapitishiana chai, neno halipiti. Sisemi ufungue moyo wote leo, hapana, jibu tu ulichoulizwa. Uliza na wewe. Anzeni leo, kabla chakula hakijapoa.

Na huyo mtoto mliyemweka katikati, mwacheni akae. Amechoka kuzungushwa.