Kishungi na Wageni wa Pole

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama vifaranga walionyeshewa. Paukwa!

PAKAWA!

Hapo zamani za kale, wakati kuku walikuwa na adabu nyingi kuliko manyoya, paliondokea kuku mmoja, jina lake Kishungi. Siku moja alikuwa nyuma ya jiko, anachakura. Chaku-chaku, chaku-chaku. Mara, vuuu! Mwewe akashuka, akamkamata mgongoni. Kishungi akapiga kelele, akajikurupusha, akajipenyeza chini ya uchaga. Mwewe akaondoka na manyoya matupu. Lakini Kishungi alibaki na jeraha mgongoni, jekundu kama pilipili iliyoiva.

Jogoo akaruka juu ya ua. "Kokorikooo! Mwenzetu kaumia! Twendeni tukampe pole!"

Ndivyo walivyoishi pale. Mgonjwa hutembelewa na wote, na mgonjwa huwakaribisha wote.

Akaja kuku mwenzake, Madoa. "Pole, dada."

"Nimepoa. Karibu."

"Mwewe yule hana haya kabisa!" Madoa anasema, na jicho liko kwenye jeraha. Jekundu! Linang'aa! Mdomo ukamponyoka. Do!

"Aa! Madoa, unanidonoa?"

"Mimi? Nilikuwa nakutoa uchafu."

Akaja Mama Vifaranga na wanawe. "Pole, dada." Do! Do! Do! Do!

"Watoto hawa!" akacheka mama yao. "Wanavyompenda shangazi yao!"

Akaja Jogoo mwenyewe, kifua mbele. "Pole, bibie. Niliposikia, punje zilinikwama kooni." Do!

Jeraha likapanuka. Kishungi akajikunyata. Akawaza, "Nikiwafukuza, wataniita mwenye maringo. Nisipowafukuza, watanimaliza." Akasema, "Karibuni." Sauti ilikuwa ndogo kama ya mbu.

Bibi Bata akapita, pata-pata, pata-pata. Akasimama.

"Kishungi, mjukuu wangu, umeumizwa na mwewe au na wageni?"

Madoa akatazama mawinguni.

"Unataka kupona au unataka kusifiwa?"

"Kupona, bibi."

"Basi waambie mwenyewe."

Kishungi akainua kichwa. "Wenzangu... nawapenda sana. Tokeni!"

Wakatoka, wananung'unika. Bibi Bata akaleta maji safi ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, akaosha jeraha taratibu. Akalikausha kwa kitambaa safi, akapaka asali. Akamweka Kishungi peke yake ndani ya tenga, juu ya nyasi kavu, na maji ya kunywa karibu. Juu akafunika kanga, ndani pawe na utulivu.

"Pole semeni kutoka hapo mlipo," akawaambia. "Pole husikika kwa masikio. Haina haja ya kufika mgongoni."

"Pole ya nje ya tenga!" akaguna Jogoo. "Dunia imeharibika!"

Kila asubuhi Bibi Bata aliosha, akapaka, akafunika. Jeraha likakauka. Manyoya mapya yakachomoza. Kishungi akatoka, anatembea!

Jogoo akafurahi, akaruka juu ya ua atangaze. "Koko..." Kijiti kikavunjika, kwa! Jogoo chini, pu! Upanga wake wa kichwani ukachanika, damu ikachuruzika.

Kuku wote wakageuka.

"Pole, Bwana Jogoo," akasema Madoa, anasogea.

"Pole sana," wakasema wengine, wanasogea.

Jogoo akayaona macho yao. Akayajua macho yale.

"Asanteni! Nimepoa! Nimepoa kabisa!" Akakimbia, akajitosa ndani ya tenga, mkia ukiwa juu. "Kishungi! Nifunike!"

Kishungi akautazama ule upanga. Mwekundu! Unang'aa! Mdomo ukamwasha, jamani, ukamwasha. Akafumba macho, akaivuta kanga, akafunika. Akarudi nyuma.

"Pole, Bwana Jogoo."

"Asante, bibie," ikajibu sauti kutoka tengani. "Hebu rudi nyuma kidogo tena."

Basi, wanangu, na nyinyi wakubwa mliokaa nyuma ya wanangu: kuku akiumia, mtenge na wenzake kwanza, kisha mwoshe jeraha, mpe maji, mwache apumzike. Na mgonjwa yeyote, mpe pole, na mpe nafasi.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye kanga iliyofunika tenga. Atakayeifunua, shauri yake na Bibi Bata.